Naitrojeni Katika Ganda la Kunde: Uchafu Wetu, Akiba ya Mbegu

Miongoni mwa maswali ambayo daktari wa figo huulizwa kliniki, liko moja linalojirudia kuliko mengine: "Daktari, maharage niache?" Huulizwa na mwenye jongo aliyeambiwa na jirani kwamba maharage ndiyo yanayomvimbisha kidole gumba cha mguu. Huulizwa na mwenye figo dhaifu aliyesikia kuwa protini ni sumu. Huulizwa pia na mama wa mtoto anayechelewa kukua, ingawa hofu ya huyu ni ya upande wa pili: kwamba maharage ni chakula cha asiyemudu nyama, na kwa hiyo hayatoshi. Maswali haya matatu yana mzizi mmoja. Yote yanahusu elementi ya naitrojeni na namna viumbe wawili tofauti, mkunde na binadamu, wanavyoishughulikia. Ili kuyajibu ipasavyo yafaa tuanzie shambani, ndani ya ganda bichi, kabla ya kufika jikoni na maabara.

Kutoka hewani hadi kitovuni

Hewa tunayovuta ina naitrojeni kiasi cha asilimia 78, lakini mapafu yetu huirudisha nje kama ilivyoingia. Atomu mbili za naitrojeni hewani zimefungamana kwa vifungo vitatu, na mwili wa mnyama hauna chombo cha kuvifungua. Mimea nayo haina. Mimea jamii ya mikunde imepata njia nyingine: imewakaribisha bakteria mizizini, katika vile vinundu vidogo ambavyo kila aliyewahi kung'oa mche wa maharage ameviona. Kipasue kinundu kilicho kazini, utakikuta chekundu ndani. Wekundu huo una undugu wa kweli na wekundu wa damu. Ni leghemoglobini, protini ya ukoo mmoja na himoglobini, nayo huishika oksijeni na kuigawa kwa kipimo. Kwani kimeng'enya kinachovunja naitrojeni huharibiwa na oksijeni, ilhali bakteria wenyewe wanaihitaji ili wapate nguvu. Nguvu hizo si haba: kila molekuli moja ya naitrojeni inagharimu angalau molekuli 16 za ATP, ile sarafu ya nishati inayotumika pia katika misuli yetu.

Zao la kwanza la kazi hiyo ni amonia, nayo ni sumu kwa mmea kama ilivyo kwa ubongo wa mgonjwa ambaye ini lake limeshindwa. Haiwezi kusafirishwa ikiwa hivyo. Lazima ifungwe katika mzigo salama, na hapa mikunde imegawanyika makundi mawili. Njegere na jamaa zake wa nchi za baridi huifunga zaidi katika asparajini na glutamini, asidi amino mbili ambazo kila moja hubeba naitrojeni mbili. Mikunde ya joto, yaani kunde, maharage na soya, hutumia mzigo ulioshonwa vizuri zaidi: alantoini na asidi ya alantoiki. Molekuli moja ya alantoini ina naitrojeni nne juu ya kaboni nne. Kwa mmea ambao kila kaboni umeipata kwa jasho la majani yake, huo ni usafirishaji wa bei nafuu. Naomba msomaji aliweke jina hilo la alantoini akilini, maana ndilo litakalotufikisha kwenye jongo.

Sasa tuingie gandani. Katika siku za mwanzo baada ya ua kuanguka, ganda hurefuka na kunenepa upesi huku mbegu zikiwa bado vitone. Wakati huo kuta za ganda hujiwekea naitrojeni, sehemu ikiwa protini na sehemu ikiwa asidi amino huru. Anayechuma maharage machanga na kuyala pamoja na ganda lake anapata mboga: gramu 100 zina protini kiasi cha gramu 2, kwa kuwa sehemu kubwa ni maji na mbegu hazijajaa. Maharage makavu ya uzito huo yana gramu 20 hadi 25. Kati ya hali hizo mbili kuna uhamisho mkubwa. Mbegu zinapoanza kujaa, ganda hufungua ghala lake. Protini za kuta huvunjwa, naitrojeni yake hupelekwa ndani, na mwisho hubaki lile ganda jepesi kama karatasi tunalolipepeta upepo ukalichukua. Majani hufanya vivyo hivyo. Hubomoa protini za kutengenezea chakula, huzituma mbegu, kisha hugeuka njano na kudondoka. Wapo watafiti walioueleza msoya kuwa mmea unaojila wenyewe ili mbegu zishibe. Mama anayechuma majani ya kunde kwa ajili ya mboga anachota katika hazina hiyo hiyo. Akichuma mno wakati wa maua na maganda, atapunguza kunde za kuvuna. Si kosa, kwa sababu majani yana chuma na vitamini ambazo familia inazihitaji, lakini ni vyema ajue kwamba anachagua.

Kwa wakunga na wauguzi, hatua inayofuata haitakuwa ngeni. Mbegu imening'inia gandani kwa kikonyo kifupi, na kovu la kikonyo hicho ndilo lile jicho la kunde. Wanabotania hupaita mahali kinaposhikia kwa jina lile lile la kondo la nyuma, na ulinganisho huo una msingi. Mishipa ya mmea mama huishia katika ngozi ya mbegu wala haiingii katika kiinitete. Chakula humwagwa katika nafasi nyembamba iliyo kati yao, kisha kiinitete hukifyonza chenyewe, kama vile damu ya mama na ya mtoto zisivyochanganyika katika kondo. Ngozi ya mbegu haikai tu kama mlango. Hupokea mizigo iliyotoka mizizini na majanini, huibadilisha, na kukikabidhi kiinitete asidi amino zilizo tayari kwa matumizi, glutamini ikiwa mojawapo ya zile kuu.

Asparajini nayo haifai kutumika kama ilivyo. Kimeng'enya kiitwacho asparajinesi huikata na kuachia amonia, ambayo hudakwa hapo hapo na kujengwa upya kuwa asidi amino nyingine. Wauguzi wa wodi za saratani za watoto watakuwa wamelitambua jina hilo. Asparajinesi itokanayo na bakteria Escherichia coli ni dawa ya saratani kali ya damu aina ya limfoblastiki: seli za saratani hiyo haziwezi kujitengenezea asparajini ya kutosha, na zikinyang'anywa ile iliyomo katika damu hufa njaa. Dokezo la kwanza lilipatikana mwaka 1953, ilipoonekana kwamba majimaji ya damu ya panya wa Guinea yanazuia uvimbe wa aina fulani. Kazi ambayo mbegu huifanya ili ikue, tabibu huitumia ili kitu kisikue.

Pale mkunde unapopita na sisi tukasimama

Turudi kwenye alantoini. Mkunde huitengeneza vipi? Kwanza hujenga purini, yaani zile molekuli zinazopatikana pia katika vinasaba vyetu. Kisha purini huvunjwa hadi kuwa asidi ya uriki. Kisha kimeng'enya kiitwacho urikesi, kilichojaa tele katika vinundu vya msoya, huigeuza asidi ya uriki kuelekea alantoini, ambayo huyeyuka vizuri zaidi na kupanda juu hadi maganda.

Binadamu huifuata njia hiyo hiyo hadi kwenye asidi ya uriki, kisha husimama. Jeni ya urikesi tunayo, lakini iliharibika katika mababu wa jamii ya nyani wakubwa mamilioni ya miaka iliyopita, nasi tumerithi magofu yake. Mbwa na panya bado wanacho kimeng'enya hicho. Sisi tunaitegemea figo, na kwa kiasi kidogo utumbo, kuitoa asidi ya uriki kama ilivyo. Ikizidi miligramu 6.8 katika desilita moja ya damu inaweza kuganda kuwa fuwele, na fuwele zikiamsha hasira ya kinga ya mwili katika kiungo, hilo ndilo jongo. Carl Wilhelm Scheele aliitambua asidi hii mwaka 1776 katika mawe ya kibofu, muda mrefu kabla ya mtu yeyote kujua kwamba kunde zinaipitia kila siku bila kuumwa.

Je, mwenye jongo aache maharage? Hoja ya jirani ina sura ya ukweli: maharage yana purini kuliko wali au ugali. Lakini hesabu ya purini kwenye karatasi si sawa na yatokeayo mwilini. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004 uliwafuatilia wanaume 47,150 kwa miaka 12, na katika muda huo 730 kati yao walipata jongo. Waliokula nyama na vyakula vya baharini kwa wingi walikuwa katika hatari zaidi. Waliokula kwa wingi mboga zenye purini, jamii ya mikunde ikiwa miongoni mwake, hawakuwa katika hatari hiyo. Pombe, hususan bia, na vinywaji vyenye sukari nyingi vimeonyesha uhusiano ulio wazi na jongo.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu katazo la maharage lina gharama. Mtu anayeacha maharage haachi kula. Hutafuta kitoweo kingine. Mwenye uwezo huongeza nyama na maini. Asiye nacho huhamia kwenye samaki wadogo waliokaushwa wazima, ambao ni miongoni mwa vyakula vyenye purini nyingi kabisa. Nimewaona wagonjwa waliotii katazo hilo kwa uaminifu miezi mingi huku wakiendelea na chupa zao za bia jioni, na wakishangaa kwa nini mguu haupoi. Dawa ya kushusha asidi ya uriki, kama vile alopurinoli, inapohitajika haiwezi kubadilishwa na katazo lolote la chakula, na aliyeanzishiwa asiiache kwa sababu tu maumivu yametulia.

Hospitali, kwa upande wake, imejifunza kuazima kile tulichopoteza. Urikesi iliyotengenezwa kwa jeni ya kuvu Aspergillus flavus hutumika kuwakinga wagonjwa wa saratani ya damu ambao seli zao hufa kwa wingi mara moja na kumwaga asidi ya uriki. Bei yake huiweka mbali na hospitali zetu nyingi. Inapopatikana, kuna tahadhari inayotuhusu hasa sisi wa nchi za malaria: kimeng'enya hicho, kikiigeuza asidi ya uriki, huzalisha haidrojeni peroksaidi, na mgonjwa mwenye upungufu wa G6PD anaweza kuvunjikiwa na chembe nyekundu za damu. Kipimo cha G6PD hutangulia dawa.

Urea: mkojo wa mmoja, mbolea ya mwingine

Naitrojeni iliyozidi katika chakula chetu hutoka hasa kama urea. Ini huitengeneza katika mzunguko ulioelezwa na Hans Krebs na Kurt Henseleit mwaka 1932, na figo huitoa. Figo zikichoka, urea hupanda, nasi hukipima kiwango chake katika damu ili kujua hali.

Mbegu inayojaa huweka sehemu kubwa ya naitrojeni yake katika arijinini, asidi amino yenye naitrojeni nne. Inapochipua, arijinini huvunjwa na urea hutoka, sawasawa na inavyotoka katika ini. Hapo tena njia zetu zinaachana. Mbegu ina kimeng'enya urease, ambacho huipasua urea na kuirudisha naitrojeni kazini. Sisi hatuna. Kinachotuua sisi tukikosa figo, mche mchanga wa kunde unakitumia kujenga jani la kwanza.

Urease ina historia inayostahili mistari michache. Mwaka 1926 Mmarekani James Sumner, aliyepoteza mkono wa kushoto katika ajali ya kuwinda akiwa kijana, alifaulu kuigandisha urease kuwa fuwele safi baada ya miaka 9 ya majaribio. Aliitoa katika mbegu za Canavalia ensiformis, mkunde wenye maganda marefu mithili ya panga. Hicho kilikuwa kimeng'enya cha kwanza duniani kupatikana katika hali ya fuwele, na kilithibitisha kwamba vimeng'enya ni protini, jambo ambalo mabingwa wengi wa wakati huo walilikataa. Alishiriki tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1946. Vipimo vingi vya urea maabara hadi leo hutumia urease, na mbegu za mkunde huo zimekuwa chanzo chake maarufu. Mgonjwa wa figo aliyekatazwa maharage huenda majibu yake yamepimwa kwa msaada wa maharage.

Urease inahitaji madini ya nikeli. Watafiti walipoinyima soya nikeli katika maji ya kuoteshea, urea ililundikana majanini na ncha za majani zikafa. Kunde nazo zilifanya hivyo. Sijui mfano mwingine wa mmea unaokaribia namna hiyo hali ya mgonjwa wetu wa figo.

Kuhesabu naitrojeni si kuhesabu protini

Kiwango cha protini kinachoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida hakikupimwa moja kwa moja. Tangu Johan Kjeldahl aonyeshe njia yake huko Copenhagen mwaka 1883, wapimaji hupata kwanza naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25, kwa kuwa protini ina naitrojeni asilimia 16 hivi. Desturi hiyo ina mwanya. Mwaka 2008 nchini China, wafanyabiashara waliongeza melamini katika maziwa yaliyochanganywa na maji. Melamini ni asilimia 66 naitrojeni, haina protini hata chembe, lakini kipimo kilipita. Watoto wapatao 300,000 waliathirika, wengi wao kwa mawe ya figo, na 6 walifariki. Mawe hayo yalikuwa melamini iliyoshikana na asidi ya uriki.

Hata naitrojeni ya halali haina thamani moja. Mbegu haikujiandaa kwa ajili ya sahani yetu. Ilijiwekea protini za akiba zenye naitrojeni nyingi na salfa kidogo, na kwa hiyo maharage yana upungufu wa methionini. Yamejaliwa laisini kwa wingi, ambayo ndiyo pungufu la mahindi na mchele. Waliobuni makande, na waliopika choroko pamoja na mchele, walilijibu swali la mama wa mtoto anayechelewa kukua kabla ya kuwapo kwa maabara: maharage peke yake hayatoshi, na ugali peke yake hautoshi, lakini vikikutana vinakaribia sana. Kwa mtoto mdogo yapondwe baada ya kumenywa, uji au kande viwe vizito, na aongezewe yai, maziwa au samaki kila inapowezekana, kwani tumbo lake ni dogo na haliwezi kubeba wingi.

Jikoni kwa mgonjwa wa figo

Mwenye ugonjwa sugu wa figo wa hatua ya 3 hadi ya 5 ambaye hajaanza kusafishwa damu hushauriwa protini kiasi cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 atahitaji gramu 48. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi, yaani chini kidogo ya theluthi moja. Kwa hiyo maharage yana nafasi katika mlo wake. Anayesafishwa damu mambo yake ni kinyume: hupoteza asidi amino katika mashine, na hushauriwa gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Nina masikitiko kila ninapomkuta mgonjwa wa kundi hili la pili amekonda, bado akiifuata karatasi aliyopewa alipokuwa katika kundi la kwanza.

Fosforasi ya maharage nyingi imefungwa katika faiteti, na utumbo wetu hauifyonzi yote. Ile inayoongezwa viwandani katika soseji na soda za rangi ya kahawia huingia kwa urahisi zaidi. Potasiamu ndiyo ya kuogopwa. Hii haiamuliwi kwa kukisia: hutegemea kipimo cha damu cha mgonjwa mwenyewe, dawa zake, na kama anapata mkojo. Ambaye potasiamu yake iko juu aloweke maharage usiku kucha, amwage maji, achemshe kwa maji mengi, ayamwage pia, na asinywe mchuzi wake.

Kuloweka na kuchemsha kuna faida kwa kila mtu. Maharage mabichi, hasa mekundu, yana lektini inayosababisha matapishi makali saa chache baada ya kula hata mbegu chache. Huharibiwa kwa kutokota kwa nguvu, angalau dakika 10 na ikiwezekana 30. Moto wa uvuguvugu hautoshi. Wanaotumia vikapu vya kutunzia joto ili kuokoa mkaa wahakikishe sufuria imetokota kwanza kwa muda huo kabla ya kuifunika kapuni.

Limebaki suala la magadi, ambalo kwa uzoefu wangu haliulizwi kliniki. Magadi hulainisha maharage haraka na kuokoa kuni, lakini ni chumvi ya sodiamu, na pia huharibu vitamini B1. Mgonjwa wa shinikizo la damu atakuapia kwamba ameacha chumvi, na atakuwa anasema kweli kuhusu kopo lililoko mezani. Mhudumu wa afya anayeandika historia ya mlo aulize pia kilichotiwa katika sufuria ya maharage, na amuulize anayepika.